Kuingia Islamu inafanyikaje? Maswali ya kijana wa Bagira na majibu tuliyopata

Kijana mmoja wa kartie Nyakavogo, hapa kwetu komine ya Bagira, alipita redioni siku moja na swali ambalo hakuweza kuliuliza nyumbani. Ni Mkatolika, amebatizwa, amepata komunyo na kipaimara, na mama yake ni mtu wa mbele katika shirika lao. Kazi yake ni kubeba na kupanga mizigo kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kindu. Anasema kilichomgusa mwanzoni si mahubiri. Ni kumuona patron wake anafunga mlango wa depo mchana, wateja wanangoja inje, anaosha mikono na miguu, anatandika mkeka nyuma ya magunia ya mchele, anasali dakika chache, kisha anafungua tena bila kueleza kitu. Miezi ikapita, kijana akaanza kuuliza. Halafu akaanza kusoma. Leo swali lake ni hili: "Mutu akitaka kuingia Islamu, anafanyaka nini? Na akitaka kujua tu, bila kuingia, banakubali?"

Redio yetu si ya dini. Hatutafuti kumuingiza mtu wala kumzuia. Lakini swali kama hili linakuja mara nyingi, na majibu yanayozunguka katika mitaa ya Bagira ni ya uongo mingi: eti unalipishwa, eti unatukana msalaba kwanza, eti unapewa pesa, eti hautazikwa na watu wako. Kwa hiyo tumeandika hapa yale yanayojulikana, ili mwenye kuuliza ajue, na mzazi mwenye kuogopa naye ajue.

Dini hii haikuja jana

Wengi Bukavu wanaona Islamu kama dini ya wageni, ya Waarabu ama ya watu wa Maniema. Kwa kweli ilifika mashariki ya Kongo mbele ya wamisionari wengi. Ilikuja na misafara ya biashara kutoka Zanzibar, ikipitia Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika mpaka mto Lualaba. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji ya wafanyabiashara hao, na mwenye kujulikana zaidi kati yao ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ule tunayemuita Tippu Tip, aliyekufa Zanzibar mwaka 1905. Biashara ile ilikuwa ya pembe za ndovu na pia ya watumwa, na hatuwezi kuficha jambo hilo. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona mauaji ya watu wengi sokoni. Kumbukumbu ile ndiyo inafanya babu zetu wengi wasiwe na hamu ya kusikia neno "Mwarabu".

Kati ya 1892 na 1894 jeshi la mfalme Léopold wa pili lilipigana na wafanyabiashara hao na kuwashinda. Waislamu weusi walibaki, lakini serikali ya kikoloni iliwaangalia kwa jicho la mashaka. Shule zilikuwa mikononi mwa misioni. Katika Maniema, mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma alipita mara nyingi katika shule ya misioni, na njia hiyo ilimpeleka kwenye ubatizo. Ndiyo maana leo utakuta familia moja ya Kasongo, babu anaitwa Ramazani, mjukuu ni katekista. Kubadilisha dini si jambo jipya katika eneo letu. Limetembea pande zote mbili.

Tena, mpaka mwaka 1988 Maniema na Kivu mbili zilikuwa jimbo moja, na mji mkuu ulikuwa Bukavu. Watu wa Kindu na Kasongo walikuja huku kwa kazi ya serikali, kwa masomo na kwa biashara, wakajenga, wakazaa. Kwa hiyo patron wa kijana wetu si mgeni. Ni jirani.

Na kuna jambo moja ambalo lilimshangaza kijana wetu kuliko yote. Maneno anayoyasema kila Jumapili kanisani mengi yametoka katika Kiarabu pamoja na misafara ile ile: dini, imani, sala, dhambi, roho, malaika, shetani, baraka, sadaka, hata Injili. Wamisionari walipotafuta Kiswahili cha kufundisha Ukristo waliyakuta maneno haya tayari, wakayachukua. Mkatolika wa Bagira akiingia msikitini na hotuba ikiwa kwa Kiswahili, atasikia nusu ya maneno yake mwenyewe, yakiwa na maana ya jirani.

Kuuliza si kuingia

Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu ndipo watu wanadanganyana zaidi. Kuuliza juu ya Islamu hakukufanyi Mwislamu. Kusoma Kurani, kukaa nyuma msikitini na kuangalia, kufunga siku moja pamoja na rafiki ili kuona: hakuna hata kimoja kinachokuandika popote. Hakuna daftari la wadadisi.

Misikiti mingi inapokea mgeni asiye Mwislamu, lakini haifai kuingia tu kama sokoni. Mtafute kwanza imamu ama mtu unayemjua pale, mwambie wazi kama unakuja kuangalia. Utavua viatu. Mama na dada watafunika kichwa na kuvaa nguo ndefu, na watakaa upande wa wanawake. Wakati wengine wanasali, wewe unakaa kimya nyuma. Ijumaa saa sita na nusu ama saa saba mchana ndipo watu wanajaa na kuna hotuba. Mwenye maswali mengi afazali aje siku ingine, ambapo imamu ana nafasi.

Kusoma pia kuna njia zake. Kurani yenyewe kwa Waislamu ni ile ya Kiarabu. Zingine zote wanaziita tafsiri ya maana. Kwa Kiswahili, ya kwanza iliyochapishwa, mwaka 1923, ilifanywa na padri wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar, Godfrey Dale, na Waislamu wengi hawakuipokea. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka nzima mwaka 1969, ndiyo imeenea zaidi Afrika Mashariki, na baadaye ikafuata ya Ali Muhsin al-Barwani. Kijana wetu alijaribu ile ya al-Farsy akasema Kiswahili chake ni kigumu, ni cha Unguja. Ni kweli. Wasomaji wengi wa Bukavu wanaelewa upesi zaidi tafsiri ya Kifaransa, kwa mfano ile ya Muhammad Hamidullah ya mwaka 1959. Ushauri wa watu waliopitia: usianze kurasa za mwanzo ukasoma kama riwaya. Anza na sura fupi za mwisho, halafu sura ya Mariamu na ya Yusufu, ambazo Mkristo anawajua watu wake.

Atakutana pia na tofauti, na heri akutane nazo mapema. Yesu, ambaye Kurani inamuita Isa, ni nabii mkubwa, mwana wa Mariamu bikira, lakini si Mungu wala Mwana wa Mungu, na Waislamu hawakubali kama alikufa msalabani. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekua na Ijumaa Kuu. Mwenye kukuambia kama dini hizi mbili ni kitu kimoja anakuficha kitu.

Na Waislamu wenyewe si kundi moja. Wengi wa mashariki ya Kongo ni Wasunni wa madhehebu ya Shafi, waliyoipokea kutoka pwani, na wengine wamo katika tarika, hasa ile ya Kadiria. Kuko pia Washia, na kuko Waahmadiya ambao Waislamu wengine wanawakataa. Uliza: hapa niko kwa nani?

Siku yenyewe

Mtu akiwa ameamua, jambo lenyewe ni fupi kuliko wengi wanavyofikiri. Katekumeni wa Kikatolika anafundishwa muda mrefu, mara nyingi miaka miwili ama zaidi, mbele ya kumwagiwa maji. Katika Islamu mlango uko mbele na masomo mengi yako nyuma. Mtu anatamka shahada: anashuhudia kama hakuna wa kuabudiwa isipokuwa Mungu mmoja, na kama Muhammad ni mtume wake. Anaitamka kwa Kiarabu, imamu akimsaidia neno kwa neno, na anaelezwa maana yake kwa lugha anayoijua. Dakika mbili, imekwisha.

Masharti ni machache lakini ni mazito: awe na akili timamu, aelewe anachosema, akitaka kwa moyo wake. Mashahidi si sharti la kumfanya mtu kuwa Mwislamu mbele ya Mungu, wanazuoni wanasema hivyo; lakini kila mahali watu wanapenda wawepo, sababu baadaye kuna mambo ya ndoa na ya mazishi ambayo yanaomba ijulikane. Ndiyo maana inafanyika mara nyingi msikitini, Ijumaa, mbele ya watu.

Kisha anaoga mwili mzima, kuoga kule kunaitwa josho. Toka siku hiyo sala tano zinamhusu, na funga ya Ramadhani ikifika, na zaka kama ana mali inayofikia kiwango. Yaliyopita hayalipi: hafungi Ramadhani za miaka ya nyuma. Wanafundisha kama dhambi zake za zamani zimefutwa. Lakini deni la mtu halifutwi. Kama ulikuwa na deni la dola mia kwa jirani, bado unalo.

Tohara? Wavulana wengi wa Bukavu wametahiriwa wakiwa wadogo, basi swali hilo halipo kwa wengi. Kwa ule ambaye hajatahiriwa, wanazuoni wa Shafi wanaiona ni lazima na wengine ni sunna, ila si mlango wa kuingilia: shahada haingoji.

Pesa: hakuna bei. Mtu akikuomba franka ili "akuingize", ondoka. Na akikuahidi pesa, masomo ama safari ili uingie, ondoka mbio zaidi.

Pombe na nyama ya nguruwe vinaachwa, hilo kila mtu analijua. Swali gumu katika komine yenye kiwanda cha bia ni la mkate: baba anayefanya kazi kiwandani, mama anayeuza kasiksi ili alipe shule. Mafundisho ni wazi kama kutengeneza na kuuza pombe kumekatazwa. Lakini mtu aliyeingia jana na ana watoto watano, imamu mwenye busara anamsaidia kutafuta kazi ingine mbele ya kumpigia kelele. Tunaandika hivyo kama maoni yetu, maana tumeona watu wakirudi nyuma juu ya jambo hilo tu.

Jina, karatasi na sheria ya inchi

Si lazima kubadilisha jina. Jina la Kiislamu ni desturi nzuri kwao, lakini Mushagalusa anaweza kubaki Mushagalusa. Jina linaloombwa kubadilishwa ni lile lenye maana mbaya, ama la kuabudu kitu kingine.

Kwa serikali, jina lako ni lile lililoandikwa kwenye eta-sivili. Kodi ya familia ya Kongo, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, haikubali mtu abadilishe jina kwa kutaka kwake tu. Inaomba sababu ya haki na uamuzi wa tribunali ya amani ya mahali unapokaa. Kwa hiyo Mwislamu mpya anayejiita Abdallah mtaani atabaki na jina la zamani kwenye karte ya uchaguzi, kwenye diploma na benki. Usianze kujaza karatasi kwa majina mawili. Ni shida tupu baadaye.

Msikiti unaweza kutoa cheti cha kusilimu. Katika Kongo, jumuiya ya Waislamu inayotambuliwa na serikali tangu miaka ya 1970, iliyoitwa COMIZA wakati wa Zaire, leo ni COMICO, na ina viongozi wake katika majimbo. Cheti si sharti la imani, lakini mwenye jina lisilo la Kiislamu anayetaka kwenda Hija ataulizwa karatasi hiyo.

Uhuru wenyewe uko katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na ibara ya kwanza inasema serikali haina dini. Kongo si kama Kenya, ambako katiba ya 2010 imeweka korti za kadhi kwa mambo ya ndoa na urithi ya Waislamu. Huku sheria ni moja. Ndoa ya msikitini peke yake, sawa na ya kanisani peke yake, haitoshi mbele ya serikali mpaka iandikwe. Mume akisilimu, sheria ya Kongo haimpi nafasi ya kuandikisha bibi wa pili. Na familia inayosema "umetoka dini yetu, hauna tena haki kwa nyumba ya baba yako" haina sheria nyuma yake: mtoto anabaki mrithi. Chini ya miaka 18 mtu ni mtoto na yuko chini ya mamlaka ya wazazi. Hapo imamu na mchungaji wote wawili wawe na adabu ya kubisha mlango wa wazazi kwanza.

Ndoa ndiyo inaleta maswali mengi kwa wamama. Msichana Mkristo akitaka kuolewa na Mwislamu, je ni lazima asilimu? Hapana. Islamu inakubali mwanaume Mwislamu amuoe mwanamke Mkristo ama Myahudi akibaki katika dini yake. Familia ya bwana inaweza kutaka, inaweza hata kusukuma, lakini si sharti la dini. Kinyume chake, mwanaume Mkristo akitaka kuoa msichana Mwislamu, wanazuoni karibu wote wanasema asilimu kwanza. Na bibi aliyeolewa akisilimu peke yake, bwana akabaki Mkristo? Hapo wanazuoni wanatofautiana, wengine wanasema waachane, wengine wa siku hizi wanaruhusu wabaki. Kwa serikali ndoa ile haivunjiki mpaka tribunali iivunje. Mama aliye katika hali hiyo aulize mbele ya kutamka, si nyuma.

Kuna swali lingine ambalo watu hawapendi kulisema. Mtu akisilimu halafu akataka kutoka? Kanisa Katoliki linasema ubatizo haufutiki, na aliyeondoka akitaka kurudi anapokelewa. Wanazuoni wa zamani wa Kiislamu walikuwa na hukumu kali sana kwa mwenye kuacha dini, hata kifo, na wengine wa leo wanaipinga wakitaja aya ya 256 ya sura ya Al-Bakara, ile inayokataa kulazimishana katika dini. Katika Kongo hakuna wa kukuhukumu. Ibara ya 22 inakulinda ukitoka kama ulivyoingia. Lakini mtu ajue mbele kama jambo hili ni zito.

Kivuli cha Beni

Hatuwezi kuandika juu ya kusilimu katika mashariki bila kutaja ADF. Kundi hilo lilianza Uganda, limekaa miaka mingi katika misitu ya Beni, na tangu 2019 mashambulizi yake yanatangazwa kwa jina la Islamic State. Waliotekwa wakaponyoka wamesimulia mara nyingi kama walilazimishwa kusilimu kwa panga na bunduki. Sasa kijana wa Bagira akinunua kofia nyeupe, jirani anaanza kunong'ona.

Kwa mafundisho ya Kiislamu yenyewe, shahada ya mtu aliyewekewa bunduki haina maana, kama ilivyo ndoa ya mtu aliyefungwa kamba. Na Waislamu wa Beni wamelipa kwa damu. Tarehe 1 Mei 2021, katika Ramadhani, Sheikh Ali Amini, imamu aliyekuwa akiwapinga ADF mbele ya watu, alipigwa risasi msikitini Beni wakati wa sala ya usiku. Mwenye kusema kila Mwislamu ni mtu wa msituni amkumbuke yeye.

Kwa upande wa mdadisi, kuna alama za kuangalia. Mtu anayekufundisha kwa siri, anayekukataza kumuona imamu wa mtaa, anayekuambia ukate simu na wazazi, anayekuitia safari ya masomo kwenye mji ambao hasemi jina: huyo si mwalimu. Dini ya patron wa Kindu inafanyika depo ikiwa hapo hapo, kila mtu anaiona.

Mama na kilio

Mwishoni kijana alimuambia mama yake. Si kama amesilimu, ila kama anasoma. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza siku mbili, halafu akauliza swali moja, na tuliona ndilo swali lenyewe la wazazi wengi: "Mtoto yangu akikufa leo, ni nani atamuzika? Batanikubalia nimuone?"

Tuliliuliza kwa watu wanaojua. Mwislamu anazikwa haraka, siku ile ile ikiwezekana. Anaoshwa na Waislamu, wanaume kwa wanaume, anafungwa sanda nyeupe, anasaliwa, anazikwa akielekezwa Makka. Kwa watu wetu waliozoea kungoja ndugu watoke Goma ama Kinshasa, jeneza zuri na siku za matanga, haraka ile inauma, inaonekana kama kumtupa mtu. Lakini mama anaweza kumuona mwanawe. Anaweza kulia, kukaa na wafiwa, kupokea wageni. Familia ya Kikristo inaweza kufanya misa yake ya kumuombea kwa siku zake. Heri mtu aliyesilimu aseme mapema, mbele ya pande mbili, anataka azikwe namna gani, sababu Bukavu imeshaona maiti ikigombaniwa.

Kuhusu heshima, sura ya Lukmani aya ya 15 inasema mtoto ambaye wazazi si Waislamu asiwafuate katika kuabudu kingine, lakini aishi nao kwa wema. Kwa hiyo kusilimu hakumtoi kijana kwenye kuteka maji, kulipa shule ya wadogo wake wala kumpeleka mama hospitali. Juu ya kukaa mezani siku ya Noeli wanazuoni hawaelewani. Familia nyingi za Maniema zenye dini mbili zimeshapata namna yao, wanapika kuku aliyechinjwa na Mwislamu na wote wanakula.

Kijana wa Nyakavogo hajaamua. Ijumaa anakaa nyuma msikitini, karibu na viatu. Jumapili anampeleka mama yake misa, anamngojea mpaka mwisho, na mama, anaporudi, ndiye siku hizi anauliza: "Bo, kwa Mariamu banasema nini?"